Bluu ya Kiwandani

Jumamosi, 3 Mei

Kikao cha familia nyumbani kwa Baba. Magoti yake yamegoma kabisa. Ngazi za nyumba ile zimemshinda, na tangu Mama afariki anaishi mle peke yake na redio. Imeamuliwa ahame. Ahamie wapi? Kwangu, au kwa mdogo wangu, Daktari wa Meno?

Swali la kipuuzi. Mimi ndiye kifungua mimba. Lakini Baba kasema asiharakishwe, atachagua mwenyewe, na akishachagua tutajua. Daktari akaitikia kwa upole, ule upole wake wa kukuambia hutasikia maumivu huku ameshika koleo. Halafu alikuwa amemletea Baba mto wa kukalia. Mto! Mimi nilikwenda mikono mitupu kwa sababu nilidhani tunakwenda kuongea.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Baba hajawahi kunichagua mimi kwa lolote. Baiskeli alipewa mdogo wangu, eti mimi nitaigonga ukutani. Chuo akapelekwa yeye, eti mimi mkono wangu hautulii. Leo mimi nazunguka mitaani nasoma mita za maji, na yeye anachokonoa midomo ya watu wenye heshima zao. Nina umri huu na bado inaniuma. Safari hii nitachaguliwa mimi. Liwalo na liwe.

Jumapili, 4 Mei

Mke wangu kasema kama namtaka Baba kweli, niondoe kiwanda changu kwenye chumba cha nyuma. Ndivyo anavyokiita. Mle ndimo ninamojengea vigari vyangu vya plastiki, magari ya Kimarekani ya enzi zile injini zilipokuwa kubwa kuliko akili za madereva. Mustang, Camaro, Charger. Yanakuja kwenye boksi yakiwa vipande vipande. Nakata, nasugua, nabandika, napaka. Wanaume wengine wanalewa. Hilo mke wangu halisemi.

Nimehamisha maboksi yote kutoka ukuta wa kushoto kwenda ukuta wa kulia. Mke wangu kaja, kasimama mlangoni, katazama, kaondoka.

Halafu nikabandika vioo vya Charger kwa supaglu, kwa haraka. Kosa! Mvuke wa gundi ile huacha ukungu kwenye plastiki angavu. Sasa Charger yangu inaonekana kama ndani yake kuna mtu anachemsha maji. Nimeiweka rafu ya juu, nikaigeuzia ukutani.

Jumanne, 6 Mei

Nimerudi kazini nikamkuta Baba sebuleni. Kaletwa na Daktari, ambaye alibaki nje garini akiongea na simu, mtu muhimu. Shikamoo, marahaba. Miguuni pa Baba kulikuwa na boksi limefungwa kamba. Na ndani ya boksi, kigari chake!

Hiki lazima nikieleze. Ni Pontiac GTO ya mwaka 1967, kipimo cha moja kwa ishirini na tano, inakaa kwenye viganja viwili. Baba alikuwa mpanga herufi kiwanda cha uchapaji. Fundi mmoja wa kigeni alikuja kufunga mashine, na alipoondoka akamwachia boksi la vipande. Baba akakijenga kwenye meza ya kulia, mimi nikiwa bado natambaa. Ndicho kitu cha kwanza nilichokatazwa kugusa katika maisha yangu. Miaka yote kilikaa kabatini nyuma ya kioo, chekundu, na mimi nje ya kioo. Bila kigari kile nisingeijua gundi.

Alimkabidhi mke wangu, si mimi. Akamwambia, "Nishikie hiki, mama." Kisha wakaenda wote wawili chumba cha nyuma. Nilisikia akiuliza jua la asubuhi linaingilia wapi, na akigonga sakafu kwa fimbo yake, akipima sijui nini. Wakanong'ona kidogo. Sikufuatilia. Nilikuwa nimeshakipeleka kigari dirishani.

Jamani! Kwa karibu ni aibu tupu. Nywele za brashi zimegandia kwenye boneti. Nyuzi za gundi zimening'inia mlangoni. Gurudumu moja limelala. Bampa limebaki halina hata chembe ya kung'aa. Na rangi! Nyekundu gani hii yenye uwaridi ndani? Nimezaliwa naiona na leo ndiyo kwanza nimeitazama.

Mpango umezaliwa hapo hapo dirishani. Nitakifufua. Baba atakikuta kama kilivyotakiwa kuwa, atajua ni mkono wa nani uliotulia, na suala la wapi ahamie litakuwa limekwisha.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekwenda kwa Jicho. Jicho ni mwenyekiti wa chama chetu cha wajenzi wa vigari. Tunakutana chumba cha juu cha duka la vifaa vya ujenzi, naye huvaa lenzi shingoni kama filimbi ya refa. Ana karatasi ya rangi ambazo, kwa kauli yake, ndizo zilizopakwa kiwandani mwaka ule. Tukashuka nayo kwa kidole toka juu mpaka chini. Nyekundu ipo, ila si ya Baba. Ya Baba haipo popote. Jicho akatoa hukumu kwamba gari lenye rangi isiyo ya kiwandani si gari, ni pambo.

Nimechagua humo humo bluu iliyokolea. Ina heshima. Inamfaa mtu mzima.

Mke wangu kaniuliza kama nimemuuliza mwenyewe. Nikamweleza kwamba zawadi ya kushtukiza haina kuuliza, ndiyo maana inashtua. Akasema Baba aliomba kishikwe, hakuomba kitengenezwe. Nikamjibu mkono mtupu haulambwi. Daktari kapeleka mto wa dukani. Mimi nitampa ujana wake mwenyewe, umepigwa polishi. Akafungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, akaufunga, akaenda kuanua nguo.

Jumamosi, 10 Mei

Jana asubuhi nilikizamisha kwenye mafuta ya breki. Ndiyo njia ya wataalamu. Unalaza gari kwenye chombo, unalifunika mafuta, rangi ya zamani inavimba na kuchubuka kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Chombo nimetumia kile anachobebea mke wangu chakula cha mchana. Nitamnunulia kingine.

Haikuchubuka. Imelainika tu, ikawa inanata kama peremende iliyonyonywa, na ikatoa harufu. Nikainusa. Nikainusa tena. Harufu hii naijua, ni ya saluni. Rangi ya kucha!

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Baba! Mpanga herufi mzima, mtu aliyekuwa anakesha kwa ajili ya nukta moja iliyopinda, kaipaka Pontiac rangi ya kucha!

Nikakimbilia chamani kusimulia. Walicheka wote. Jicho alicheka mpaka lenzi ikamgonga kidevu. Tangu nijiunge na chama hiki, ndiyo mara ya kwanza hadithi yangu kusikilizwa hadi mwisho. Nimerudi nyumbani natembea kifua mbele.

Jumapili, 11 Mei

Rangi ya kucha hutolewa kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha. Mtoto mdogo anajua. Nikachukua kichupa cha mke wangu, nikamimina kwenye pamba, nikaanza na bampa la nyuma.

Bampa la nyuma halipo tena. Lipo, ila limekuwa uji. Dawa ile inayeyusha plastiki! Karatasi ya Jicho haikusema. Nimekata bampa kutoka Camaro yangu. Halilingani, lakini ukilitazama kwa upendo linalingana.

Mke wangu kakuta kichupa chake kitupu. Nikatarajia ugomvi. Badala yake akauliza, kwa sauti ya chini, hivi Baba yako rangi ya kucha aliitoa wapi. Nikamwambia dukani, kwani rangi ya kucha inachimbwa? Akauliza kama haikuwa ya Mama. Nikacheka. Mama hakuwahi kupaka kucha maisha yake yote! Mimi nilikuwepo. Tuliishi na Bibi, mzaa Baba, na kwa Bibi hata hereni ilikuwa umalaya. Mke wangu akasema, "Haya, Fundi." Akienda kulala alikuwa hajanisemesha lingine.

Jumatano, 14 Mei

Msasa, msasa, msasa. Rangi ile imeng'ata plastiki. Ukitoa ya juu, chini yake kumebaki doa la waridi, limezama kama chai kwenye kitambaa. Nimelisugua mpaka vidole vikawa havina alama. Nikapaka rangi ya msingi, kijivu. Doa likafunikwa. Nikashusha pumzi.

Jioni simu ya Daktari. Salamu ndefu, hali ya nyumba, hali ya shemeji. Kisha, kama utani, eti dirisha la chumba chako cha nyuma lina urefu gani, Baba anaulizia mambo ya mapazia. Mjanja huyu! Anataka kujua nimeandaa nini ili apambe cha kwake kizidi. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikampa nusu ya kipimo. Akashukuru, akasema ananiombea usiku mwema. Ulimi wa asali.

Ijumaa, 16 Mei

Kimekwisha. Naandika kwa furaha.

Bluu! Nimepuliza tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, nikasubiri, nikasugua, nikapiga nta. Unajiona uso kwenye paa. Boneti inafunguka na kufungika bila kukwama. Waya za injini nimeweka moja moja kwa kibano. Magurudumu yote manne yanagusa chini, jambo ambalo kwangu si la kawaida. Kuna mahali chini ya mdomo wa boneti sikufika vizuri na msasa, lakini nani atachungulia huko.

Nimekiweka juu ya ubao, na kwenye ubao nimebandika kibao cha bati: Kimefufuliwa na Mwanao wa Kwanza. Daktari atakisoma. Nimeandika herufi kubwa ili akisome akiwa mbali.

Baba anakuja Jumapili kula nasi. Mke wangu kasafisha chumba cha nyuma, maboksi yangu kayarundika ukumbini, kitanda katandika shuka mpya. Ananisaidia bila kuombwa. Hata yeye ameshaona ushindi.

Jumapili, 18 Mei

Sijui nianzie wapi.

Walifika kabla ya chakula. Daktari akashusha begi la Baba, ule mto, na furushi la mapazia. Nikajisemea wazee hutembea na vitu vingi. Baba alikuwa amevaa koti lake la sherehe na alikuwa anacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba anacheka. Tumekula. Akasema ana neno la kutuambia. Nikamkatiza! Nikasema neno lisubiri, mimi kwanza. Nikaleta ubao, umefunikwa kitambaa. Nikakivuta.



Baba akakitazama. Akatazama mezani, pembeni ya kigari, kana kwamba kuna kingine nyuma yake. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Ni kizuri, mwanangu. Na kile changu kiko wapi?"

Nikamwambia ndicho hicho.

Akakichukua. Akakigeuza juu chini. Alikiona kikovu kwenye chasi ambacho alikiweka mwenyewe kwa kisu zamani zile, nikaona amekijua. Akakirudisha juu ya meza polepole. Nikaanza kueleza mafuta ya breki. Akainua mkono, nikanyamaza.

Kisha akasimulia, akimtazama mke wangu, si mimi. Rangi ile ilikuwa ya Mama. Alipopata mshahara wake wa kwanza wa ushonaji alijinunulia kichupa kimoja. Akapaka mkono wa kushoto. Kabla hajafika wa kulia, Bibi akamwona, akamwambia nyumba hii haina mke wa kupaka makucha, akayatoe upesi. Mama akayatoa. Akaja mezani Baba alipokuwa anabandika vipande, akakitua kichupa mbele yake. "Basi paka gari lako," alimwambia. "Angalau kitu kimoja humu ndani kiwe chekundu." Akakaa pembeni yake mpaka kichupa kikaisha, akimwonyesha kwa kidole sehemu alizoziruka. Hakupaka kucha tena hadi tulipomzika. Ila kila asubuhi alikifuta kile kioo cha kabati kabla ya kuwasha jiko.

Mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Daktari alikuwa anatazama sakafu. Na mimi nikasema jambo ambalo lilikuwa la kweli, lakini sasa naona halikupata wakati wake. Nikasema bluu ndiyo ya kiwandani.

Baba akanyanyuka. Akamwambia Daktari, "Nipeleke kwako." Kigari akakirudisha kwenye boksi lake, bila ubao, akakibeba kwa mikono miwili kifuani. Daktari akamshika kiwiko. Mke wangu akawafuata na begi. Hakuna aliyenigombeza. Ningeweza kujibu, kama wangenigombeza.

Walipoondoka mke wangu akaniambia. Baba alikuwa ameshachagua. Tangu ile Jumanne. Kigari kilitangulia, mwenyewe alikuwa anafuata. Begi lile lilikuwa la kuhamia, na mapazia yale ya dirisha letu. Alimwomba mke wangu asiniambie, kwa sababu alitaka anishtukize yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Eti alisema, "Huyu sijawahi kumfurahisha."

Nimekaa kwenye kitanda alichotandikiwa. Nimelia. Basi, nimeandika.

Jumatatu, 19 Mei

Nimelala, nimeamka, na nimeona kosa liko wapi. Kosa ni rangi! Baba hakukataa kazi, kakataa rangi. Gari lenyewe hakulilaumu hata kidogo. Alisema ni zuri, mashahidi wapo. Rangi hubadilishwa. Nitaipata ile nyekundu, nitakipaka upya, na atarudi.

Sampuli sina. Nimepekua pipa la taka mpaka nikapata vipande vya msasa vya juzi. Vumbi lake jekundu bado lipo kwenye mikunjo. Nimelitia kwenye bahasha. Ndiyo yote iliyobaki.

Duka la vipodozi. Muuzaji, binti wa kucha ndefu, kaniuliza mama ana ngozi ya rangi gani. Nikamwambia ni kwa ajili ya Pontiac. Akasema jina hilo hajalisikia, lakini kama ni mweupe achukue iliyokolea. Kuna nyekundu nyingi duniani kuliko nilivyodhani. Njia pekee ilikuwa kuzijaribu, na pa kujaribia palikuwa kucha zangu. Kidole kwa kidole, nikalinganisha na vumbi. Kidole cha pete ndicho! Sawasawa kabisa! Nikanunua.

Dawa ya kutolea, nikakumbuka, nilimwaga yote kwenye bampa. Nimesoma mita za mtaa mzima nikiwa na kucha tano nyekundu. Mama mmoja aliniambia mkono wa kulia nao una haki zake. Msimamizi wangu kaniuliza kama nyumbani ni salama.

Alhamisi, 22 Mei

Tumekwenda kwa Daktari, mimi na mke wangu. Nyumba ya chini, haina hata kizingiti. Baba yuko sebuleni kwenye kiti chenye ule mto. Hana raha wala hana shida. Amekaa tu kama mgeni anayesubiri kuitwa. Mapazia kayaulizia, kama yametundikwa. Nikasema yametundikwa. Yanaishia katikati ya dirisha, lakini hilo sikulisema.

Kigari kiko mezani mbele yake, cha bluu, boneti wazi. Nikamwonya kwamba boneti ikikaa wazi vumbi litaingia kwenye injini. Hakusikia. Mdogo wangu alikuwa anapitisha brashi ndogo laini ya kazini kwake, polepole, kuzunguka mdomo wa boneti. Nikainama nikaona wanachotazama. Ule upande wa chini niliouacha! Mstari mwembamba wa nyekundu ya zamani, mfupi kama kucha yenyewe. Nilitamani ardhi inimeze. Kazi mbovu ile, mbele ya Daktari! Nikaomba radhi, nikasema nipewe dakika chache tu na kipande cha msasa niumalizie.

Baba akaweka kiganja juu yake. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia jinsi unavyoiangalia mvua iliyokuja siku ya kuanika.

Nikatoa kichupa. Nikaeleza vumbi, bahasha, kidole cha pete. Nikasema nakipaka upya, kitakuwa kama mwanzo, halafu arudi nyumbani. Baba akakipokea kichupa, akakifungua, akanusa. Akafumba macho. Akakaa hivyo mpaka nikadhani amesinzia.

Kisha akakifunga, akampa mke wangu. Akamwambia, "Paka wewe, mama. Vidole vyote kumi."

Na mke wangu akapaka! Pale pale, kwenye kochi la Daktari, na Baba akimwonyesha kwa kidole sehemu alizoziruka. Alipomaliza Baba alimshika ncha za vidole, akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha, akasema hiyo ndiyo. Sawasawa kabisa. Kwa hiyo nilikuwa nimepatia! Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti.

Kichupa kimebaki robo. Haitoshi hata mlango mmoja.

Tunaondoka, Baba akakumbuka fimbo yake. Ile siku alibeba boksi kwa mikono miwili, fimbo ikabaki kwetu nyuma ya mlango. Anatumia ya kuazima na haimkai mkononi. Akamwomba mke wangu ampelekee Jumapili. Alimwomba yeye, si mimi.

Jumamosi, 24 Mei

Mke wangu katoka, kucha zake nyekundu, na siku hizi anafua amevaa glavu ili zisiharibike. Hatuongei sana. Mapazia yanapepea nusu dirisha. Maboksi yangu nimeyarudisha chumba cha nyuma, ukuta wa kushoto, kwa muda tu.

Nimekaa na fimbo ya Baba magotini tangu asubuhi. Sijawahi kuitazama vizuri. Jamani! Mti mzuri namna hii, na hali yenyewe! Mshikio umelika upande mmoja. Kidole gumba chake kimechimba kishimo, vingine vinne vimeacha mifereji, na jasho la miaka limeutia weusi. Ukiushika wewe, mkono wako hauingii. Umekaa kwa mkono wake tu. Hakuna duka litakalokubali kitu kama hiki rafuni.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nina msasa, nina vanishi, na mke wangu harudi mpaka jioni. Nitausugua mpaka uwe duara safi, laini, kama ulivyotoka kwa seremala. Kesho ataupokea na atajua ni mkono wa nani.

Safari hii sigusi rangi.